Mkataba kati ya klasi na klasi: ukaguzi ukae upande gani?

Uyole_Java aliuliza:

Habari za kazi, wakuu. Ninaandika programu ya Java kwa ajili ya ghala moja la viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya. Karani wa mizani anaingiza uzito wa kila gunia linaloshushwa, programu inatunza salio la kila mkulima pamoja na jumla ya mzigo uliomo ghalani, kisha mnunuzi anapokuja na lori, uzito uliopakiwa unatolewa kwenye jumla hiyo. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachonitatiza ni ukaguzi.

Nimejizoeza kutomwamini yeyote. Kila metodi yangu (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina kufanya kazi moja) inaanza kwa kuuliza kama uzito unazidi sifuri, kama hauvuki kilo 100 ili lumbesa isipite, kama mkulima yupo, na kama jumla inatosha. Matokeo yake ni kwamba uzito uleule unakaguliwa kwenye skrini ya karani, unakaguliwa tena kwenye klasi ya Mkulima (klasi ni sehemu ya programu inayobeba data pamoja na metodi zake), tena kwenye klasi ya Ghala, na mwisho kabisa kwenye hifadhidata. Kanuni moja ikibadilika, inanibidi kuzisaka sehemu zote hizo. Mwenzangu ninayeshirikiana naye, aliyeko Iringa, amesoma msimbo huo akasema nusu ya ukaguzi wangu ni takataka, na kwamba nijifunze usanifu kwa mikataba, ambao unataka metodi itangaze masharti yake halafu isiyakague tena ndani. Wazo la anayeita kuwa na wajibu wake na anayeitwa kuwa na wake nimelielewa. Hofu yangu ni kwamba nikiondoa ukaguzi ndani ya metodi ya toa, siku mtu akiiita kwa uzito unaozidi uliopo, ghala litabaki na viazi hasi.

Naomba mnisaidie. Je, ukaguzi wa kilo 100 ni sharti la mkataba au ni jambo jingine? Je, nitumie assert ya Java, yaani agizo linalotoa hitilafu sharti lisipotimia? Na tunapanga kuongeza klasi ya GhalaBaridi kwa ajili ya parachichi za Rungwe, ambayo itairithi Ghala (itachukua data na metodi zake) lakini itapokea maboksi ya parachichi peke yake. Hapo mkataba unarithiwaje?

Mwl_Iyunga alijibu:

Ndugu yangu, hofu ya viazi hasi ni ya haki, ila kuondoa ukaguzi ndani ya mwili wa metodi si sawa na kuacha kukagua. Wazo hili lilipewa umbo na Bertrand Meyer, Mfaransa aliyebuni lugha ya Eiffel katikati ya miaka ya 1980, naye alijenga juu ya kazi ya Mwingereza C. A. R. Hoare, ambaye mwaka 1969 alionyesha kwamba kipande cha programu kinaweza kuelezwa kwa mambo matatu: hali inayotakiwa iwepo kabla, kazi yenyewe, na hali itakayokuwepo baadaye. Alichofanya Meyer ni kuyatoa masharti hayo kwenye karatasi za wanahisabati na kuyaweka ndani ya klasi, mahali ambapo kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, inayaona. Katika Eiffel, metodi yako ingeandikwa hivi, uzito ukiwa namba kamili ya gramu (tumia namba kamili, tafadhali, desimali za kompyuta zitakugombanisha na wakulima):

```
toa (uzito: INTEGER)
    require
        ni_chanya: uzito > 0
        upo_ghalani: uzito <= jumla
    do
        jumla := jumla - uzito
    ensure
        imepungua: jumla = old jumla - uzito
    end
```

Sehemu ya require ni wajibu wa anayeita, sehemu ya ensure ni wajibu wa anayeitwa, na neno old linashika thamani iliyokuwepo kabla metodi haijaanza. Mwishoni mwa klasi huwekwa sehemu ya tatu, invariant, yaani kanuni ya kudumu: lile linalopaswa kuwa kweli kwa kila objekti (kitu kilichoundwa kwa klasi hiyo) kila mara mtu wa nje anapoigusa. Kwako wewe ni kwamba jumla haishuki chini ya sifuri wala haizidi uwezo wa ghala. Katikati ya metodi kanuni hiyo inaweza kuvunjika kwa muda, mradi isimame tena kabla metodi haijamaliza.

Sasa tazama kinachotokea mtu akiita toa kwa kilo 900 wakati ghalani zimo 400. Ukaguzi ukiwa umewashwa, programu inasimama kabla mstari wa jumla haujaguswa, na taarifa ya hitilafu inataja sharti la upo_ghalani pamoja na metodi iliyoita. Kosa limeshapata mwenyewe. Kama lingevunjika sharti la imepungua, wa kulaumiwa angekuwa toa. Ukaguzi wako wa kila mahali hauna faida hiyo, kwa sababu pale ambapo kila mmoja anakagua hakuna anayewajibika, na mara nyingi utakuta mmoja wao anafunika kosa kimyakimya kwa kurudisha sifuri. Watu wa ghala wanalifahamu jambo hili kuliko sisi: mzigo ukishakabidhiwa na daftari likatiwa saini, upungufu utakaoonekana baadaye una mtu wa kuulizwa.

Kuhusu kilo 100, nasema bila kusita kwamba hilo si sharti la mkataba pale uzito unapotoka kwa karani. Mkataba ni kati ya msimbo na msimbo. Karani hakuusaini, wala mkulima aliyeshindilia lumbesa hakuusaini. Gunia la kilo 130 likifika mlangoni, programu haina kasoro yoyote. Limeletwa jambo ambalo sheria ya vipimo inalikataza, na programu inapaswa kulitarajia, kulikataa kwa ujumbe unaoeleweka, kisha kuendelea na gunia linalofuata. Mkataba ukivunjika, kwa upande mwingine, huo ni ushahidi kwamba mmoja wa waandishi wa programu amekosea, na hakuna ujumbe utakaoonyeshwa karani ukaliponya hilo. Kwa hiyo jenga ukuta mmoja pale data inapoingilia, ukague hapo kila kinachotoka nje, na kikipita kiwe objekti ya klasi ya Gunia ambayo kanuni yake ya kudumu ni kwamba uzito unazidi sifuri na hauvuki kilo 100. Kuanzia hapo kwenda ndani, anayepokea Gunia hana sababu ya kuuliza tena.

Kihesa_Seva alijibu:

Namheshimu mwalimu, lakini anazungumzia Eiffel na muuliza swali anaandika Java. Assert iliingia Java katika toleo la 1.4, mwaka 2002, na hadi leo huwa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe kwa -ea wakati wa kuendesha programu. Python nayo, ukiiendesha kwa -O, inazitupa assert zote. Mtu akisoma kwamba metodi isikague ndani, akaweka assert, kisha akaipeleka programu kwenye seva bila kuwasha chochote, atapata hivyo viazi hasi anavyoviogopa. Maelekezo ya Java yenyewe yanashauri assert isitumike kukagua vigezo (thamani zinazopewa metodi) vya metodi za public, yaani zile zinazoweza kuitwa kutoka nje ya klasi.

Halafu kuna ile hadithi ya roketi ya Ariane 5, ambayo wapenzi wa mikataba hawachoki kuisimulia. Tarehe 4 Juni 1996, kwenye safari yake ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, roketi ile iliharibika angani kabla dakika moja haijaisha, kwa sababu programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767, na namba haikuenea. Wanasema mkataba ungeiokoa. Mimi nauliza: ungeiokoaje? Lugha ya Ada iliyotumika iligundua kwamba namba haienei, ikatoa hitilafu, na kompyuta ya uelekezi ikajizima, ya akiba na ya kazi. Ukaguzi ulikuwepo na roketi ikaanguka. Kwenye mfumo unaoendelea na kazi, kusimamisha programu si jibu.

Mwl_Iyunga alijibu:

Kuhusu assert uko sahihi kabisa, na nilipaswa kulitaja mapema: kwa metodi za public katika Java, andika if inayotoa IllegalArgumentException (hitilafu ya Java ya kigezo kisichofaa), ikae mwanzoni mwa metodi peke yake, na sharti liandikwe kwenye maelezo ya Javadoc ili anayeita alione. Lugha ya Kotlin imelifanya hili kuwa rahisi zaidi, kwa sababu require na check zake hazizimwi. Assert ibaki kwa masharti ya matokeo na kanuni za kudumu, ambazo ni ahadi zako mwenyewe. Ziwashe wakati wa majaribio, na kama seva inamudu, ziache zikiwa zimewashwa.

Ila kuhusu Ariane sikubaliani nawe. Meyer na Jean-Marc Jézéquel, walipoandika juu ya ajali hiyo mwaka 1997, hawakusema kwamba ukaguzi wa angani ungeokoa roketi. Hoja yao ilikuwa kwamba kipande kile kilitumika upya bila sharti lake kuandikwa mahali ambapo wahandisi wa Ariane 5 wangeliona. Kasi ya mlalo ya Ariane 4 haikuweza kufika mbali hivyo, kwa hiyo kutoilinda namba ile kulikuwa uamuzi wa makusudi. Ila sababu ya uamuzi ilibaki kwenye nyaraka za pembeni, na msimbo ukahama bila sababu hiyo. Sharti lililoandikwa kwenye klasi linahama na klasi. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa ya mkataba, na ingebaki hivyo hata kama hakuna kompyuta inayoukagua.

Makambako_OOP alijibu:

Swali la tatu limeachwa, nami naona ndilo lenye hatari. Kanuni ya urithi ni hii: klasi inayorithi inaweza kulegeza sharti la kuanzia au kukaza sharti la matokeo, lakini haiwezi kufanya kinyume chake. Barbara Liskov alilieleza wazo hili mwaka 1987, kisha yeye na Jeannette Wing wakaliandika kwa ukamilifu mwaka 1994. Eiffel inalilazimisha kwa sarufi, kwani ndani ya klasi inayorithi huruhusiwi kuandika require tupu. Unaandika require else, na sharti jipya linaunganishwa na la zamani kwa "au". Kwa upande wa matokeo unaandika ensure then, nalo linaunganishwa kwa "na".

Sasa ipime GhalaBaridi. Ghala imeahidi kupokea mzigo wowote ulio halali, mradi nafasi ipo. GhalaBaridi inasema inapokea parachichi tu, yaani imekaza sharti la kuanzia. Mtu aliyeandika msimbo wa kushusha lori, akiwa na kigezo cha aina ya Ghala mkononi, atatimiza kila alichotakiwa na bado atakataliwa, kwa sababu objekti aliyopewa ni ya baridi. Yeye hajavunja mkataba. Aliyeuvunja ni mwandishi wa GhalaBaridi, na kompaila ya Java haitamwambia.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiweka metodi ya kuuliza, inapokea(mzigo), kwenye Ghala yenyewe tangu mwanzo, na sharti la kupokea liwe kwamba jibu la inapokea ni ndiyo. Kila klasi inayorithi itafafanua inapokea kwa namna yake, na anayeita anajua tangu mwanzo kwamba lazima aulize. Wapo wanaoiona kama ujanja, kwa kuwa sharti halisi linakazwa nyuma ya pazia, lakini Meyer mwenyewe anaikubali. Metodi hiyo lazima iwe public, maana si haki kumdai mtu sharti asiloweza kulithibitisha. Njia ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni kutorithi kabisa: GhalaBaridi na GhalaLaViazi ziwe ndugu chini ya klasi dhahania yenye yale tu ambayo zote mbili zinaahidi kwa kweli. Parachichi zinataka rekodi ya jotoridi na viazi havihitaji rekodi hiyo, kwa hiyo sioni undugu mkubwa wa kulazimisha.

Uyole_Java alijibu:

Shikamoo mwalimu, na ahsanteni nyote. Nitaiweka klasi ya Gunia na kufuta ukaguzi wa ndani. Limebaki moja: tuna makarani wawili wenye simu tofauti zinazoongea na seva moja. Karani wa kwanza akiuliza kama kilo 400 zipo akajibiwa zipo, kabla hajaita toa mwenzake anaweza kuwa ameshazitoa. Hapo aliyevunja sharti ni nani?

Makambako_OOP alijibu:

Hakuna, na hapo ndipo mkataba wa kawaida unapofika mwisho. Sharti la kuanzia lina maana pale tu ambapo anayeita anaweza kulithibitisha na likabaki kweli mpaka anapoita. Watu wa Eiffel wanao mfumo uitwao SCOOP, ambao sharti linalohusu objekti inayotumiwa na wengi linageuka kuwa sharti la kusubiri: mwito unangoja mpaka liwe kweli. Kwako hilo halifai, maana dereva wa lori hawezi kungoja viazi vivunwe. Kwenye mpaka huo wa seva, liondoe sharti la upo_ghalani kwenye mkataba na ulifanye kuwa jibu: metodi ya jaribuKutoa, inayorudisha ndiyo au hapana, na ndani yake agizo moja la hifadhidata, UPDATE, linalopunguza jumla pale tu WHERE jumla >= uzito. Agizo lisipogusa safu mlalo yoyote, karani anaambiwa mzigo hautoshi. Metodi ya toa yenye mkataba kamili ibaki ndani, inakoitwa na msimbo unaoishika objekti peke yake.