Tupeane uzoefu: vita, volkano au kwaya, ni nini kilichokunyima usingizi kwenye simu?

Mzee wa Umoja
Wasee, jana nimepita Kenyatta Avenue, pale kwa sanamu za askari watatu. Miaka kumi napita hapo nikikimbilia matatu, sijawahi kusoma maandishi. Jana nimesimama nikasoma, kwa sababu wiki nzima nimekuwa nikitazama video za vita vya 1914 huku kwetu. Kumbe hata mtaa wa Kariokor ni Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi vitani, jina likageuka mdomoni. Nyinyi usiku mnatazama nini, na kimewafanyia nini?

Sauti ya Nne
Kwaya. Ile Miserere ya Allegri iliyokuwa ikiimbwa Sistine Chapel, kanisa la Papa huko Vatikani. Mozart ana miaka 14, mwaka 1770, akaisikia, akaenda kuiandika kwa kichwa. Mimi mwalimu ananipa solfa na wiki ya tatu bado naponyokea sauti ya tatu. Niliisikiliza kwa matatu nimefumba macho, nikajipata Kayole mwisho na mimi nashuka Donholm. Konda alidhani nimefiwa, hakudai nauli ya ziada.

Mama Mitungi
Mzee wangu na video yake ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Upana zaidi ya mita 1,700, na spika amenunua kwa mkopo. Saa nane usiku nasikia maji, nikaruka kitandani na mitungi sita hadi kwa mfereji. Kwetu maji huja Jumatano. Ilikuwa Jumatatu. Bado hatujaongea vizuri.

Mtanga wa Pangani
Mkitaka vita, tazameni Tanga, Novemba 1914. Mwingereza kateremsha wanajeshi kama 8,000, wengi kutoka Uhindi, Mjerumani ana kama 1,000. Wakatimuliwa. Nyuki walitusaidia.

Kamau Bila Kazi
Walimsaidia nani? Wewe ni Mjerumani?

Mtanga wa Pangani
Mji ni wetu, nyuki ni wetu.

Kamau Bila Kazi
Nyuki waliuma pande zote. Hiyo ya Mjerumani kufunga mizinga ya nyuki kamba iwe mtego ni hadithi ya walioshindwa.

Mama Mitungi
Mkimaliza nyuki mtuambie na nyumbu ni wa nani.

Mtanga wa Pangani
Wa Serengeti. Mara wanakuja kutembea tu.

Mzee wa Umoja
Msianze.

Mjukuu wa Shosho
Sikutaka kuandika, lakini hiyo ya sanamu imenigonga. Mwaka jana Aprili, mvua, stima imerudi saa tatu usiku, niko na shosho sebuleni. Amepita miaka tisini na macho yake ni mazuri kuliko yangu. Nilikuwa nimeweka video ya meli moja, Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo, imebeba wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Shosho hasikii Kiingereza, kwa hivyo sikujali. Hadi aliposikia "Kilindini". Akaniambia, simamisha hapo.

Kaka yake mkubwa alipandia meli hapo. Nyumbani ikaja karatasi tu, chifu akaisoma: amepotelea baharini. Mama yao akakataa. Akasema mtu si sindano apotee, kijana yuko Bama (Burma) vitani, atarudi. Akakataza mbuzi wake wasichinjwe. Wakazaana, wakazeeka, wakafa wenyewe.

Sasa shosho akataka nimtafsirie kila neno. Nikatafsiri. Tarehe 12, kuelekea Maldives, nyambizi ya Wajapani ikapiga meli kwa topido, ikazama kwa kama dakika mbili. Waliokufa ni zaidi ya 1,200. Nikafika mahali manowari za Waingereza zilitupa mabomu chini ya maji kuisaka ile nyambizi, na walionusurika bado wanaelea papo hapo. Nikanyamaza, nikaruka hadi kwa sehemu inayofuata.

Akaniangalia. "Umeruka. Sema ile umeruka."

Nikasema.

Alikaa muda, halafu akauliza kama maji ya huko ni baridi. Nikamwambia ni kama ya Mombasa. Akasema "mm", akaenda kulala. Sijafungua video ya vita tena.

Mama Mitungi
Wueh. Nimesoma nikiwa kazini, sasa bosi anauliza nina nini.

Babu Alikuwa KAR
Wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza huku, alirudi. Naye hakusema kitu.

Kamau Bila Kazi
Pole sana. Ndiyo maana vita visitazamwe usiku, weka kwaya.

Sauti ya Nne
Kwaya usiku ndiyo mbaya zaidi. Jirani yangu alibisha mlango kuuliza matanga ni ya nani na mchango ni ngapi.

Fundi Simu
Pakueni kwa waifai ya ofisi, bando litawamaliza. Na jaribuni volkano. Ol Doinyo Lengai inatema lava nyeusi, ikikaa inageuka nyeupe kama jivu. Hiyo haitaliza shosho wa mtu.

Mzee wa Umoja
Hukusoma wewe. Hakulia.

Mtanga wa Pangani
Nyuki nimewaachia. Shosho yuko aje?

Mjukuu wa Shosho
Yuko sawa. Leo asubuhi ameuliza kama ile picha ya meli inaweza kutolewa kwa karatasi kubwa, aiweke kando ya picha yake ya arusi. Nani anajua pa kuichapisha vizuri?

Fundi Simu
River Road. Beba kwa flashi, usitume kwa WhatsApp, itafifia.

Mama Mitungi
Na mpatane bei kabla hajawasha mashine.