Naomba ushauri: farasi wangu anaogopa ngamia

Salaam ndugu zangu. Nina farasi jike wa miaka 6, anabeba watoto ufukweni hapa Bamburi. Pikipiki zikinguruma hajali. Lakini ngamia akiwa bado mbali, upepo ukileta tu harufu yake, masikio yanasimama, anapumua kwa kishindo na kurudi kinyumenyume. Juzi nusura amwangushe mtoto; moyo wangu haujatulia hadi leo. Mwavuli pia aliuogopa, ila nilimwacha aunuse taratibu, akauzoea.

Herodoto, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba mfalme Koreshi wa Uajemi alitanguliza ngamia vitani ili farasi wa adui zake wa Lidia watishike, kwa hiyo huu si utundu. Je, nimfunge karibu na ngamia mpole, au nianze na blanketi lenye harufu yake? Kumchapa sitaki kabisa. Mliowahi kufuga wote wawili, nisaidieni.