Naomba ushauri: Canter inakula maji na moshi mweupe haukatiki

Habari zenu wakuu. Nina Canter ya zamani, injini 4D33, inabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Inapunguza maji ya rejeta lakini chini hakuna hata tone. Moshi mweupe wa asubuhi ningeuelewa, ila huu unaendelea hata injini ikishapata moto, na unanukia utamu wa kulanti (dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji ya rejeta). Ikipanda mlima Kitonga na mzigo, geji ya joto inapanda haraka na hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe.

Nimebadilisha mfuniko wa rejeta, themostati na hosi. Rejeta imepimwa kwa presha, haivuji. Nikiwasha injini ikiwa ya baridi, mfuniko wazi, mapovu yanatoka mfululizo nikikanyaga mafuta. Oili kwenye stiki haina weupe wowote.

Fundi mmoja anasema ni gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku na hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini), mwingine anasema hedi yenyewe imepasuka. Gari hii ndiyo inalisha familia, siwezi kufungua injini kwa kubahatisha. Je, kuna namna ya kujua silinda ipi inapitisha gesi kwenye maji kabla ya kufungua? Na hedi ikishuka, ichongwe tu (isawazishwe uso wake) au ipimwe ufa kwanza?

Natanguliza shukrani.