Mjadala: Je, kanuni ya Yamane iondolewe kwenye tasnifu za uzamili na uzamivu?

Mleta mada
Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Fungua sura ya tatu ya tasnifu nyingi za uzamili, iwe ya elimu, uhasibu au kilimo, utakutana na n = N/(1 + Ne²), kanuni iliyomo kwenye kitabu cha Taro Yamane cha 1967: n ni ukubwa wa sampuli, N ni idadi ya watu wote wa kundi lengwa, na e ni kosa linalokubalika, kwa kawaida 0.05. Hoja yangu ni kwamba idara za hisabati na takwimu, ambazo mara nyingi ndizo zinazoombwa kukagua mapendekezo ya utafiti, ziache kuipitisha kama sababu pekee ya ukubwa wa sampuli.

Kanuni yenyewe haina kosa. Ilitengenezwa kwa kazi moja: kukadiria uwiano mmoja kwa sampuli nasibu sahili (watu wanateuliwa mmoja mmoja, kila mtu akiwa na nafasi sawa), ukichukulia uwiano huo ni 0.5 na z, namba ya kiwango cha uhakika cha 95%, ni 2 badala ya 1.96. Ndiyo maana hata N ikiwa milioni kumi, jibu halivuki 400. Kwa wanafunzi 2,000 inatoa 333. Sasa huyo mtafiti akishawapata 333 wake, analinganisha wavulana na wasichana, anapiga rigresheni ya vigezo tisa, anapima nadharia tete nne. Kanuni haikuulizwa lolote kuhusu kazi hizo.

Chukua mfano. Unataka kugundua tofauti kati ya 50% na 60% kwenye makundi mawili, kiwango cha 5% (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo), uwezo wa 80% (nafasi ya kuigundua tofauti iliyopo). Unahitaji watu 388 kila kundi, jumla 776. Ukiwagawa wale 333 nusu kwa nusu, uwezo haufiki hata 50%. Mwanafunzi anaandika "hakuna tofauti", kumbe utafiti wake haukuwa na macho ya kuiona.

Msimamizi wa tasnifu
Napinga, na nitasema kwa nini. Kabla ya wanafunzi kuishika kanuni hii, sampuli ilikuwa inatoka hewani: watu 30 hapa, 50 pale, "kutokana na uhaba wa muda". Yamane, au jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 ambalo kwa N ya 2,000 linatoa 322, angalau linamlazimisha mwanafunzi ajue kundi lengwa lake lina watu wangapi na aweke orodha mezani. Msimamizi asiye mtakwimu anaweza kulikagua kwa kikokotoo. Ukiliondoa leo, kesho kamati itapitisha nini? Wengi wa wanafunzi hawa wamesoma takwimu muhula mmoja tu.

Mtakwimu wa uwandani
Mwalimu, hoja ya orodha naikubali. Lakini angalia kinachofuata baada ya hiyo orodha. Mwanafunzi anakokotoa 333 kana kwamba atawateua mmoja mmoja kwa nasibu kutoka wilaya nzima, halafu anakwenda shule 17 na kuchukua wanafunzi 20 kila shule. Wanafunzi wa shule moja wanafanana: mwalimu mmoja, vitabu vilevile, kijiji kilekile. Athari ya muundo, yaani sampuli izidishwe mara ngapi kufidia kufanana huko, ni 1 + (m − 1)ρ, m ikiwa idadi ya watu kwa kila shule na ρ kiwango cha kufanana kwao. Kwa m = 20 na ρ = 0.05 unapata 1.95. Wale 333 wana taarifa sawa na ya watu 171 hivi. Kwa alama za mitihani ρ ya 0.2 si ajabu hata kidogo. Hapo athari ni 4.8, na 333 wanabaki 69. Ile 5% iliyoandikwa sura ya tatu sasa ni karibu 12%.

Dawa ni kuongeza shule. Shule 40 zenye wanafunzi 10 zina thamani kubwa kuliko shule 20 zenye wanafunzi 20, ingawa nauli inapanda. Anayekosa ρ aanzie kwenye kiambatisho cha makosa ya sampuli cha ripoti za afya na demografia, mfano TDHS 2022 ya Tanzania au KDHS 2022 ya Kenya. Tahadhari moja: kinachochapishwa pale ni DEFT, ambayo ni kipeuo cha pili cha ile athari. DEFT ya 1.5 maana yake sampuli izidishwe kwa 2.25. Wengi wanazidisha kwa 1.5 na kuishia na upungufu.

Na hili la wasiojibu. Ukihitaji 385 na unategemea 80% watarudisha dodoso, gawa kwa 0.8: upeleke 482. Ukiongeza 20% unapata 462, na watakaorudi ni 370.

Mwanahisabati
Mleta mada, hesabu zako ni sahihi, ila dawa yako ina sumu yake. Ukiwaambia wanafunzi wapange sampuli kwa hesabu ya uwezo, kama ulivyofanya kwenye mfano wako, watafungua programu ya G*Power, wataweka ukubwa wa athari (tofauti ya wastani ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu) wa 0.5 kwa sababu mtakwimu Jacob Cohen aliuita "wa kati", nayo itawapa watu 64 kila kundi, jumla 128. Wameokoa nauli! Athari ikiwa 0.2, idadi ni 394 kila kundi. Anayechagua athari ndiye anayechagua sampuli, na hakuna mkaguzi atakayemhoji. Tutakuwa tumeondoa kanuni moja ya kukariri na kuleta nyingine iliyovaa suti.

Mleta mada
Mkuu, hapo umenigusa, na sina budi kurekebisha hoja. Ukubwa wa athari usitoke kwenye programu, utoke kwenye fani. Tofauti ya mavuno ya kilo ngapi kwa ekari ndiyo inayomfanya mkulima abadilishe mbegu? Swali hilo analijua mtaalamu wa kilimo, wala halihitaji mtakwimu. Mwanafunzi aandike namba hiyo na sababu yake kwa aya moja. Mkaguzi atakuwa na kitu cha kupinga.

Kwa rigresheni ya tukio la ndiyo au hapana, tusihesabu watu, tuhesabu matukio. Kati ya wanafunzi 333, kama 6% wameacha shule, ni matukio 20. Kwa kanuni ya matukio kumi kwa kila kigezo, hapo panabebeka vigezo viwili. Vigezo tisa vinatoa makadirio yanayoyumba ovyo. Kanuni hiyo nayo ni ya kukadiria tu, lakini inazuia maafa makubwa.

Kwa wanafunzi wa takwimu wenyewe ningekaza zaidi: watengeneze data za kuigiza kwenye programu ya takwimu ya R, muundo uleule wa shule na wanafunzi, mara 1,000, na wahesabu ni mara ngapi jaribio lao linagundua tofauti waliyoiweka. Mara 1,000 zinakupa uwezo kwa kosa la pointi mbili na nusu hivi. Aliyefika uzamili wa takwimu akashindwa hilo, hajaiva.

Msimamizi wa tasnifu
Basi tukutane hapa: Yamane ibaki kwa tafiti za kukadiria uwiano mmoja tu kwa sampuli nasibu sahili, na mwanafunzi aseme hivyo waziwazi. Na kundi likiwa na watu 80, tafadhali, tusimwache akokotoe 67. Awahoji wote.

Lakini mwenye fedha ya watu 200 tu tumfukuze?

Mtakwimu wa uwandani
Hapana. Ageuze hesabu. Watu 200, 100 kila kundi, kundi la kwanza likiwa na 50%: tofauti iliyo chini ya pointi 20 hivi itakuwa vigumu kuionyesha. Aiandike sentensi hiyo kwenye pendekezo kabla hajaenda uwandani, na airudie kwenye sura ya matokeo karibu na kila "hakuna tofauti" atakayoiandika.