Kesi ya "mleteni mwili": ukishindwa, serikali ikudai gharama?

MtuWaKisauni: Jamani nauliza. Nduguyo kachukuliwa na watu wa gari la probox wasiojitambulisha, unaenda Mahakama Kuu polisi waamriwe wamlete, wao wanaapa hawanaye, jaji anatupa ombi. Kisha upande wa serikali unaomba ulipishwe gharama za kesi. Hii ni haki kweli?

Kipanga: Ni haki. Anayeshindwa hulipa, ndiyo sheria. La sivyo kila kijana akizima simu akalala kwa mpenzi wake siku tatu, mamake mbio kortini ati katekwa.

BintiMtongwe: Kwa mpenzi?? Binamu yangu tulimtafuta vituo vinne na mochari mbili, jamaa wa zamu anatufungulia droo moja moja bila kutuuliza kavaa nini. We Kipanga chunga mdomo.

Kipanga: Pole dada sikukulenga wewe. Lakini sema ukweli, wakili nani alilipa?

BintiMtongwe: Wakili alijitolea, hata soda hakutaka. Sisi tulilipa saiba, kamishna wa viapo, fotokopi za kila mtu, matatu kila siku ya kesi. Cha bure ilikuwa feri tu.

WakiliMkaidi: Mnachanganya vitu viwili. Ada ya kufungua kesi ya haki za msingi haipo, soma Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 22, hata karatasi ya kawaida korti inapokea. Na haki hii ya kuletwa mbele ya jaji haipunguzwi kabisa, hiyo ni 25. Gharama za mwisho ndio zimeachiwa jaji, kwa zile kanuni za 2013 za kesi za haki. Kwa hivyo "ndiyo sheria" ya Kipanga ni nusu.

MswahiliMinnesota: Huku Marekani korti za federali ada ya ombi kama hilo ni dola 5, kesi nyingine ya madai 405.

Kipanga: Kaa huko huko na dola zako 5.

MzeeWaMatuga: Mimi nina swali kwa mwenye mada. Hilo "mleteni mwili" umelitoa wapi?

MtuWaKisauni: Ni Kilatini mzee, habeas corpus, yaani uwe nao mwili.

MzeeWaMatuga: Kilatini sina ugomvi nacho. Kwetu mwili ni maiti. Mama akisikia redioni korti imeamuru uletwe mwili wa mwanawe, anaanza kutandika majamvi. Sema mtu.

Kipanga: Hapo mzee namuunga mkono mia kwa mia.

WakiliMkaidi: Basi mjue sheria ya Uingereza ya 1679 ya hiyo habeas corpus, mfungwa ndiye aliyetozwa nauli ya kuletwa kortini, isizidi pensi 12 kwa maili.

BintiMtongwe: Msimpe Kipanga mawazo. Na mbona hamuulizi upande wa pili? 2024 kaimu Inspekta Jenerali wa polisi Masengeli aliitwa kortini kwa wale watatu waliotoweka Kitengela, haji, haji, akapigwa miezi 6 kwa kudharau korti. Alilala ndani hata usiku mmoja? Hukumu ikafutwa.

Kipanga: Aliomba radhi. Na binamu yako je, alipatikana?

BintiMtongwe: Alitupwa kando ya barabara usiku, viatu hana. Ombi likafungwa kwa vile kapatikana, kila mtu abebe gharama zake.

Kipanga: Sasa si yuko hai, unanipigia kelele za nini?

BintiMtongwe: Nijibu tena nitukane mtu.

MtuWaKisauni: Wadau mimi niliuliza gharama.

MzeeWaMatuga: Badilisha kichwa kwanza.