Tupeane uzoefu: kozi ya kujisomea Kiitaliano ukubwani

Upepo wa Kiwengwa: Wakuu, kila msimu wa watalii ukikaribia swali ni lile lile: mtu mzima mwenye kazi na familia ashike kozi gani ya Kiitaliano ajisomee mwenyewe? Tupeane uzoefu wa kozi zenyewe: inafundisha nini, inaishia wapi, inakwama wapi. "Jaribu hii, iko poa" haimsaidii mtu.

Mama Darasa: Kwa kuanzia, Pimsleur, kozi ya kusikiliza na kujibu. Somo moja ni dakika 30, ngazi moja ina masomo 30. Unaulizwa, unaachiwa nafasi, unajibu kwa sauti, ndipo unasikia jibu sahihi. Anayesikiliza kimya kwenye daladala bila kufungua mdomo amelipoteza somo. Kasoro yake ni kwamba maneno ni machache ukilinganisha na saa unazotumia, na kuandika hakuna.

Ngomeni Juu: Naunga mkono. Na faili la dakika 30 likiwa la kbps 64 linakula kama MB 14 tu. Masomo ya wiki nzima ni kama MB 100.

Bwana Sarufi: Uzi huu umenigusa, niruhusuni niseme kwa kirefu. Mahali wanaojisomea wanapoachia njiani si salamu wala hesabu, ni wakati uliopita. Mtu amekwenda vizuri, anaagiza chakula, anauliza njia. Ghafla anakutana na *ho mangiato* (nimekula) lakini *sono andato* (nimekwenda), na mwanamke aseme *sono andata*. Kabla hajapumua zinaingia *lo, la, li, le*, halafu *gliel'ho dato* (nimempa hicho). Hapo ndipo kozi inafungwa, haifunguliwi tena.

Sasa sikilizeni. Kozi nyingi tunazozipata zimeandikwa kwa Mwingereza, ambaye hajazoea upatanisho, kwa hiyo zinazunguka kurasa nyingi kumtuliza. Mswahili hahitaji kutulizwa. "Umeziona funguo?" "Ndiyo, nimeziona." Kiitaliano: *Hai visto le chiavi? Sì, le ho viste.* Ile *le* inafanya kazi ya *-zi-* yetu, na *viste* inafuata funguo kama kivumishi chetu kinavyofuata ngeli. Tena hatuhitaji kusema "mimi" kila mara, nao hawasemi *io* kila mara. Kwa hiyo kadi zako za maneno ziandike Kiswahili upande mmoja na Kiitaliano upande wa pili. Ukipitia Kiingereza unatafsiri mara mbili na unapoteza msaada uliozaliwa nao.

Namna ya kuipima kozi kabla ya kutoa hela: fungua yaliyomo, tafuta *passato prossimo*, yaani ule wakati uliopita, iko wapi. Ikiwa kwenye theluthi ya kwanza, endelea kuitazama. Ikiwa mwishoni kabisa, au haipo, hicho ni kitabu cha misemo ya hotelini hata kama jalada limeandikwa "kamili". Kisha tazama mazoezi: yanakutaka uandike sentensi nzima au uchague a, b, c? Majibu yapo nyuma? Maandishi ya kila sauti yapo? Asiye na mwalimu na hana majibu anajifunza makosa yake mwenyewe.

Ngomeni Juu: Hapo kwenye funguo umemaliza.

Dada Shanga: Bwana Sarufi, unawatisha watu. Duolingo ni bure, iko kwenye simu, dakika kumi kila siku. Anayesubiri kozi kamili hajifunzi chochote.

Bwana Sarufi: Dada, sikatai dakika kumi. Nasema kubofya maneno yaliyokwisha kupangwa mbele yako si sawa na kuyatoa kichwani. Mgeni akikuuliza swali hakupi vigae vya kuchagua.

Dada Shanga: Basi zima vigae, andika kwa kibodi pale inaporuhusu, na useme jibu kwa sauti kabla ya kugusa. Chombo hakina kosa.

Fundi Matamshi: Mnabishana mkisahau masikio. Mswahili anaanguka mahali pa aina tatu. Kwanza mkazo: sisi tunaweka silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunasema ta-VO-lo, a-bi-TA-no. Ni TA-vo-lo, A-bi-ta-no. Maandishi hayakuonyeshi, isipokuwa mkazo ukiwa mwishoni, kama *città*. Pili, *ch* yao ni *k* na *c* mbele ya *e* au *i* ni *ch* yetu, kwa hiyo *chiesa* huanza na "ki" na *cena* huanza na "che". Tatu, konsonanti pacha: *nono* ni wa tisa, *nonno* ni babu. Kozi isiyo na sauti ya mwenyeji wa lugha, iache hata kama ni ya bure.

Mama Bergamo: Ndugu zangu, wakati mnabishana kuhusu kozi, kuna watu wanaumizwa. Wanauziwa "B1 kwa siku 30" (B1 ni ngazi ya tatu kati ya sita za kupima lugha, kutoka A1 hadi C2) na kuambiwa bila cheti hicho hawapati viza ya kumfuata mume Italia. Wanakopa, wanalipa.

Upepo wa Kiwengwa: Kwani si kweli B1 ni lazima?

Mama Bergamo: Si kwa viza hiyo. B1 inadaiwa unapoomba uraia, kwa ndoa au kwa ukaazi, tangu sheria ya mwaka 2018. A2 ni kwa kibali cha ukaazi wa muda mrefu. Anayetaka digrii inayofundishwa kwa Kiitaliano ajiandae kwa B2. Kwanza jua unatafuta cheti kipi, ndipo uchague kozi.

Dada Shanga: Siku 30 kutoka sifuri! Lo!

Bwana Sarufi: Wizara ya mambo ya nje ya Marekani huwapa wanadiplomasia wake miezi ya masomo ya kutwa kwa Kiitaliano, na hicho kwao ni kundi la lugha rahisi.

Mama Bergamo: Na kwa CILS, mtihani wa cheti cha Kiitaliano, B1 ya kawaida ina sehemu 5, kila moja pointi 20. Ukipata chini ya 11 umeanguka sehemu hiyo hata kama nyingine umepasua. Zile ulizofaulu zinahifadhiwa miezi 18, kwa hiyo unarudia iliyokuangusha tu. Wanaozungumza vizuri kwa kusikia ufukweni huangushwa na kuandika, maana wamezoea *io andare, tu mangiare* ("mimi kwenda, wewe kula") na wageni wanawaelewa.

Mama Darasa: Kwa kuandika, Assimil, kozi ya kitabu na sauti. Mazungumzo mafupi kila siku, tafsiri ukurasa wa pili. Ukifika kama somo la 50 unarudi la kwanza, unafunika Kiitaliano, unakiandika upya kutoka kwenye tafsiri.

Ngomeni Juu: Na Anki, ile programu ya kurudia kadi za maneno? Kadi ngapi kwa siku?

Dada Shanga: Hamsini!

Bwana Sarufi: Usimsikilize. Kadi mpya 20 kwa siku, baada ya wiki chache unadaiwa marudio kama 200 kila siku. Anza na 8.

Upepo wa Kiwengwa: Fundi, pacha nazifanyia zoezi gani?

Fundi Matamshi: Chukua dakika moja ya sauti yenye maandishi. Sikiliza mara tatu bila kutazama, andika unachosikia, kisha linganisha kwa kalamu nyekundu. Kila pacha uliyoandika moja, itamke ukiwa umeishikilia ile konsonanti kidogo kabla ya kuiachia. Kesho rudia dakika ile ile, usihamie nyingine mpaka wekundu uishe.

Upepo wa Kiwengwa: Kwa kasi ya kawaida au niipunguze?

Fundi Matamshi: Mara ya kwanza 0.8, zilizobaki kawaida.