Umezaliwa mwaka shufwa? Basi Mashindano ya Dunia ya Riadha ya U20 hayakuhusu

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, na wanaosema riadha ya vijana ni jambo dogo wapite tu, uzi huu si wao.

Chukua vijana wawili. Mmoja kazaliwa tarehe 31 Desemba 2004, wa pili kazaliwa kesho yake, 1 Januari 2005. Wamepishana usiku mmoja. Agosti 2024 wote wana miaka 19, na wote wamefanya mazoezi ya kutapika damu ili waende Lima kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha ya vijana chini ya miaka 20. Wa pili anapanda ndege. Wa kwanza anaambiwa umri umempita. Umri upi? Ana miaka 19! Mashindano yanaitwa chini ya 20, yeye yuko chini ya 20, halafu anafungiwa mlango kwa sababu ya siku ya kuzaliwa itakayofika miezi minne baada ya mashindano kwisha.

Kwa asiyeijua sheria: World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, haiangalii una miaka mingapi siku unayoshindana. Inaangalia utakuwa na miaka mingapi ifikapo 31 Desemba ya mwaka huo. Ukitimiza 20 hata zikiwa zimebaki saa chache mwaka uishe, umetoka. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni mwaka wa kuzaliwa, basi. Na kusema kweli, hapo peke yake nisingefungua uzi. Mstari lazima upigwe mahali, na popote utakapopigwa yupo atakayelia.

Kinachonichefua ni kwamba kila mara wanaolia ni wale wale.

Mashindano haya hufanyika kila baada ya miaka miwili, na tangu yaanze Athens 1986 yamepangwa kwenye miaka shufwa. Beijing 2006. Bydgoszcz 2008. Moncton 2010. Barcelona 2012. Eugene 2014. Bydgoszcz tena 2016. Tampere 2018. Cali 2022. Lima 2024. Eugene tena 2026. Sasa piga hesabu ya darasa la tatu: anayetimiza 19 kwenye mwaka shufwa lazima awe amezaliwa mwaka witiri. Wa 2003 alikwenda Cali akiwa mkubwa wa kundi. Wa 2005 akaenda Lima akiwa mkubwa wa kundi. Wa 2007, Eugene. Na wa 2004 je? Cali alikuwa mdogo, akagongana na waliomzidi mwaka mzima, na Lima ilipofika kalenda ikawa imeshamtema. Wa 2006 ni hivyo hivyo. Wa 2008 naye anakuja, anasubiri zamu yake ya kuonewa. Nusu ya vijana wa dunia hii hawatafika kwenye mashindano haya wakiwa kwenye mwaka wao bora hata mara moja, na hakuna anayeona haya.

Kuna watakaosema mwaka mmoja ni kitu gani. Nawaletea Letsile Tebogo wa Botswana. Nairobi 2021 alishinda mita 100 kwa sekunde 10.19. Cali 2022, mtu yule yule, umbali ule ule, akashinda kwa 9.91, rekodi ya dunia ya U20. Sekunde 0.28 kwenye mita 100! Huo ndio mwaka mmoja kwa kijana wa umri ule. Mwili unakomaa, misuli inajaa, kichwa kinatulia kwenye mstari wa kuanzia. Tebogo kazaliwa 2003, mwaka witiri, na ratiba ilimnyookea. Simchukii hata kidogo, kile ni kipaji cha kweli na Paris 2024 alimaliza ubishi kwa dhahabu ya mita 200. Ila wa 2004 hakupewa mwaka wake wa 19 wa kuonyesha alichonacho.

Halafu mtaniambia haiwezekani kubadilisha, gharama kubwa, sijui maandalizi. Mbona Nairobi iliwezekana? Yale yalikuwa ya 2020, yakasogezwa hadi Agosti 2021 kwa sababu ya korona, na miezi kumi na miwili baadaye Cali wakafanya ya kwao. Miaka miwili mfululizo. Ndiyo, Nairobi kuna waliokosa, Marekani wenyewe hawakuleta timu, lakini sababu ilikuwa ugonjwa, kalenda haikumzuia mtu. Rekodi zilivunjwa. Emmanuel Wanyonyi alikimbia mita 800 kwa 1:43.76 akiwa na miaka 17, watu wakabaki midomo wazi. Ule ndio mwaka pekee ambao waliozaliwa mwaka shufwa, wa 2002, walipata kuwa wakubwa wa kundi, na ilibidi kije kirusi cha dunia nzima ndipo wapate. (Wa 2001 nao wakaumia kwa kusogezwa huko, na walipozungumza waliambiwa hakuna la kufanya. Angalau kwao ilikuwa mara moja.)

Sasa nifike kwenye kitu kinachonifanya nione huu ni uzembe, maana ubaya huu haukuwapo zamani, umetengenezwa.

Zamani kulikuwa na Mashindano ya Dunia ya U18. Yalianza Bydgoszcz 1999, yakawa yanafanyika miaka witiri. Wakubwa wa kundi lile walikuwa wa miaka 17, na anayetimiza 17 kwenye mwaka witiri kazaliwa mwaka gani? Shufwa! Kwa hiyo dunia ilikuwa na mizani: waliozaliwa shufwa wanang'aa kwenye U18, waliozaliwa witiri wanang'aa kwenye U20. Usain Bolt, kazaliwa 1986, alitwaa mita 200 za U18 Sherbrooke 2003. Faith Kipyegon, kazaliwa 1994, alitwaa mita 1500 Lille 2011. Angalieni miaka yao. Kila upande ulikuwa na sikukuu yake.

Kisha Nairobi 2017, uwanja wa Kasarani umefurika watu, yakafanyika ya mwisho na yakafutwa. Ikaamuliwa umri ule uachiwe mabara. Sawa, huenda kumtoa mtoto wa miaka 16 nyumbani na kumvusha bahari kuna hoja zake za kuupinga, mimi si mkaidi. Lakini ukiondoa jiwe moja kwenye mizani, unamwangalia aliyekuwa upande ule! Waliondoa la shufwa, la witiri wakaliacha palepale, na kalenda ya U20 haikuguswa.

Nina kijana ninayemfundisha kurusha tufe, kazaliwa Desemba 2006. Warushaji mnajua, huu mchezo haukimbiliwi, nguvu za kweli zinaanza kuja mtu anapokaribia 20. Lima angekwenda akiwa na miaka 17, tufe la kilo 6, anasimama duarani na wanaume wenye vifua kama milango. Hakufikia hata kiwango. Sasa ndiyo anarusha, sasa ndiyo kila wiki anaongeza. Na Eugene, Agosti 2026, atakuwa na miaka 19, na haruhusiwi. Anahamia moja kwa moja kwenye tufe la wakubwa, kilo 7.26, na kiwango cha kuingia Mashindano ya Dunia ya wakubwa ya Tokyo 2025 kilikuwa mita 21.50. Nani wa miaka 20 anarusha hiyo? Wanahesabika kwa vidole. Kwa hiyo anakaa miaka mitatu, minne, bila kuonwa na mtu. Mawakala hawamjui, kampuni za viatu hazimjui, makocha wa vyuo vya Marekani wanaotafuta vijana hawamjui. Wengi hapo huacha. Nimewaona wakiacha.

Ulaya wamejiwekea kinga. Wana ubingwa wao wa U20 kwenye miaka witiri, kwa hiyo Mzungu wa shufwa anayekosa dunia anapata bara lake akiwa kwenye mwaka wa 19. Juu ya hapo wana ubingwa wa U23 tangu Turku 1997, kwa wa miaka 20 hadi 22. Asia je? Ubingwa wao wa U20 ulifanyika Dubai 2024, mwaka ule ule wa Lima. Aliyezaliwa 2006 kule kapigwa na dunia, kapigwa na bara, mwaka mmoja. Na Mashindano ya Dunia ya U23 hayapo kabisa. Ukitoka U20 unaingia kwa wakubwa, upambane na watu wenye watoto wawili na medali nne.

Msiniletee habari za Rudisha, tafadhali. Najua alishinda mita 800 Beijing 2006 akiwa na miaka 17. Najua Bolt alishinda Kingston 2002 akiwa na miaka 15. Sheria hazitungwi kwa ajili ya Bolt. Bolt angepita hata mngemwekea ukuta. Sheria ni kwa ajili ya yule wa nafasi ya sita ambaye akipewa mwaka mmoja anakuwa wa pili.

Ninachotaka hakihitaji akili kubwa. Yafanyike kila mwaka, hata kwa siku chache zaidi. Kama hela hakuna, kila baada ya mashindano matano wasogeze kwa mwaka mmoja ili zamu igeuke. Kama hilo nalo ni zito, walete U23 ya dunia, na waiweke miaka shufwa.

NYONGEZA: Kuna mdau ananiambia hata wa shufwa wanapata mashindano mawili, kwa hiyo niache kulialia. Mkuu, ni kweli, wanapata mawili: la kwanza wakiwa kwenye mwaka wa 16, la pili wa 18. Wa witiri wanapata la 17 na la 19. Mwanao ungemchagulia lipi?

Na yule aliyeandika "aende akazane na mazoezi", kijana anafanya mazoezi asubuhi na jioni. Kalenda ndiyo hajui aifanyie zoezi gani.